Sekunde Hamsini za Kiema

Awuor alikuja Nairobi mwezi wa Mei kujifunza filamu, akafundishwa matanga. Ndivyo ilivyokuwa, na asikudanganye mtu. Chuoni kwao Kisumu walikuwa wamewaambia wanafunzi wa mwaka wa tatu kwamba likizo ile ndefu, Mei hadi Agosti, kila mmoja atafute kampuni imchukue kwa mafunzo ya kazi, kisha arudi na kitabu cha buluu kilichotiwa sahihi kila wiki na kupigwa mhuri. Wenzake walipata stesheni za televisheni zenye lifti na mashine ya kahawa. Yeye alipata Zede Vidio, chumba kimoja ghorofani karibu na soko la Kariokor. Chini ya chumba hicho mafundi wa akala, viatu vya matairi, walipiga nyundo kutoka asubuhi hadi jioni, ko, ko, ko, na kila sauti iliyorekodiwa pale juu ilikuwa na akala ndani yake.

Mwenye studio, Zedekiah, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na uchovu wake alishauzoea kama kiatu kinachobana. Miaka kumi na minane alikuwa amepiga picha za harusi na mazishi ya watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, hasa Wakamba wa Kariokor na Ziwani, wachongaji na madereva. Hao wakimpenda fundi humtangaza kwa jamaa zao wote, na wakimchukia humtangaza vilevile.

"Niaje, msanii," alimwambia Awuor siku ya kwanza. "Hapa hatutengenezi filamu. Mteja anataka kujiona, na anataka kuona nani alikuja. Tumeelewana?"

Awuor akasema wameelewana. Hawakuwa wameelewana hata kidogo, lakini hilo tutalifikia.

Wanaosema likizo ni mapumziko hawajatembea kutoka Makongeni hadi Kariokor kwa manyunyu ya Juni, asubuhi baada ya asubuhi, koti likiwa bado bichi la jana. Awuor alikuwa akikaa Makongeni kwa shangazi yake Phelister, katika nyumba ya reli aliyoachiwa na mumewe. Akifika studio alipika chai, akakunja nyaya, akachaji betri, akafuta vumbi kwenye lenzi. Siku ya mazishi alishika maikrofoni juu ya vichwa vya watu mpaka mabega yakafa ganzi. Jumamosi asubuhi, wengine wakiwa wamelala, alikuwa na darasa la sauti kule mjini, sharti la chuo. Mwalimu wa darasa hilo aliwafundisha kusafisha upepo kwenye sauti: usikilize kipande kimoja tena na tena, hadi usikie kilichojificha chini ya upepo. Wiki ya sita Awuor alikuwa akisinzia amesimama. Aliwapigia wazazi simu akawaambia mambo ni mazuri.

Katikati ya Juni akafa Maingi, mchongaji wa Kariokor, mtu aliyejulikana kwa twiga wake wenye shingo za kupinda kidogo. Alizikwa kwao Kitui, na mjane wake, Kanyiva, aliita Zede Vidio. Kaburini, baada ya mchungaji, alisimama Kiema, ndugu mkubwa wa marehemu, dereva wa lori, jitu la watu lenye sauti nzito. Akasema kwa Kikamba. Wakati huohuo upepo ukateremka mlimani ukaipiga maikrofoni kama mtu anayekung'uta mkeka. Awuor alifumba macho akajaribu kuisogeza karibu. Zedekiah, kwenye kamera, alimkonyeza kwamba basi, iache tu.

Mwenye kuhariri alikuwa Awuor. Siku tatu alikaa na vidude vya kusikilizia masikioni, akipigana na upepo wa Kitui huku chini wakigonga akala. Hotuba ya Kiema ilikuwa ya sekunde hamsini tu. Alizisikiliza mara mia, mara mia mbili, sijui, hata yeye hajui. Alijua mahali mzee anapovuta pumzi. Alijua kikohozi cha katikati, na mahali sauti inapokatika na mtoto wa mtu analia nyuma. Lakini hakujua neno hata moja, maana Awuor ni Mjaluo wa Kisumu, na Kikamba kwake kilikuwa mlio. Zedekiah naye ni mtu wa magharibi; miaka kumi na minane na Wakamba, alijua kuwasalimu na kuwaambia wasogee kushoto.

Siku ya tatu Awuor alichoka. Akajiambia mzee huyu anashukuru wageni, kama wanavyoshukuru wote, na sauti ni mbaya, itaharibu kazi. Akazikata. Mahali pake akaweka vilima vya Kitui na wingu linapita, na kwaya ya akina mama ikiimba chini yake. Ilipendeza. Hakuna aliyemwambia vibaya, na mimi nakiri ilipendeza kweli. Kuuliza si ujinga, walishasema wahenga, lakini angemuuliza nani, mwenye studio aliyekuwa anatafuta tu kazi iishe?

Zedekiah aliitazama mara moja, akapiga miayo. "Wamama wataipenda hiyo milima," akasema. Kanyiva alikuja na wanawe, akaichukua kwenye flashi, akalia kidogo, akashukuru. Ijumaa yake Awuor akafanya kama ilivyo desturi ya studio: kazi ikichukuliwa, kadi zinafutwa na tarakilishi inasafishwa, nafasi ipatikane ya harusi ya Jumamosi. Alifuta mwenyewe, kwa kidole chake.

Wiki tano zilipita. Siku moja ya Alhamisi, Julai, baridi imeuma, Kanyiva akapanda ngazi za studio na flashi imefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, asiyependa kusumbua watu. Zedekiah alikuwa ametoka kwenda kutafuta betri.

"Mwanangu," akamwambia Awuor, "nimeangalia kutoka mwanzo hadi mwisho mara nne. Yale maneno ya Kiema siyaoni."

"Maneno gani, mama?"

Kanyiva akakaa kwenye kiti cha wateja akamweleza. Kitui kulikuwa na shamba la mtoni, shamba zuri, la maji. Hati yake bado ilikuwa na jina la baba wa Kiema na Maingi, aliyekufa zamani. Kaburini, mbele ya watu, Kiema alisema shamba hilo ni la Kanyiva na watoto wake. Sasa alikuwa amelizungushia ua na kuweka mbuzi wake. Anadai alichosema ni kwamba atalitunza shamba kwa niaba ya watoto. Hilo ni jambo jingine kabisa.

"Lakini watu walikuwa wengi," Awuor akasema. "Si walisikia?"

"Walisikia upepo. Kila mtu amesikia yake. Na Kiema ndiye anayewabeba kwa lori wakifiwa, nani atataka kumkosea?" Kanyiva akakunja kile kitambaa, akakikunjua. "Jumapili ukoo wetu wa Nairobi unakutana Ziwani. Mzee Muasya, mwenyekiti, amesema tusigombane bure, tuitazame video, video haina ndugu. Kiema mwenyewe amekubali. Labda yamo kwenye hizo mashine zenu kubwa."

Awuor akaitazama tarakilishi aliyoisafisha mwenyewe. Alijua hakuna kilichobaki humo. Akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuipenda, kwamba watatafuta. Kanyiva akamshukuru, akamwambia Mungu ambariki, akashuka ngazi. Hiyo shukrani ndiyo ilimchoma.

Zedekiah aliporudi alisikiliza hadi mwisho bila kuvua jaketi.

"Sema virusi," akasema.

"Virusi gani?"

"Vya kompyuta. Kila mtu anajua virusi, hakuna anayegombana na virusi. Jumatatu naenda mwenyewe kwa mama yule nampa pole." Akamtazama, akaona uso wake. "Awuor, sikia. Hawa watu wakijua tumekata maneno ya kaburini halafu tukafuta, mimi nimekwisha. Hakuna Mkamba atapanda hizo ngazi tena. Nina watoto. Na wewe una kitabu chako pale, wiki tano sijatia sahihi. Mwalimu wako si anakuja Jumanne? Nitakitia zote pamoja na mhuri. Lakini Jumapili usikanyage huko."

Hakumtisha. Aliongea kama mtu anayeomba kiti akae. Awuor akasema sawa. Naye alitaka kukaa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba uongo ulionekana kama kitanda.

Jumamosi mchana, baada ya darasa la sauti, alikuwa nyuma ya nyumba za Makongeni akianika nguo za shangazi yake. Jua lilikuwa limechungulia kidogo. Kamba ileile ilitumiwa pia na jirani, Mama Ndete, mjane wa mhandisi wa reli, mwanamke mwenye maneno mengi na vibanio vichache, kila siku akiazima vya wenzake. Awuor alikuwa akianika shuka, akili haipo, midomo ikicheza. Mwenyewe hakujua kwamba anasema. Hiyo ilikuwa tabia aliyoipata studio: kipande ukikisikiliza mara mia mbili kinahamia kichwani na kujipiga chenyewe, ukiosha vyombo, ukivuka barabara.

Mama Ndete akageuka na kibanio mdomoni. Akakitoa.

"Nani amekupa shamba, wewe?"

Awuor akashtuka. "Shamba gani, mama?"

"Si ndilo unalotaja hapo. Kikamba umejifunza lini? Halafu unakisema kama mzee wa Kitui mwenye mafua."

Shuka likamponyoka likaanguka kwenye matope. Hakuliokota. Akamwomba Mama Ndete asikilize, kisha akafumba macho na kurudia zote kutoka mwanzo, sekunde hamsini, na kikohozi chake, na pale panapokatika. Mama Ndete alianza akicheka. Katikati akaacha. Mwisho akaketi juu ya beseni lililofunikwa, akajifuta macho kwa leso.

"Huyo ni nani aliyefiwa?" akauliza.

"Amesema nini, mama? Nieleze neno kwa neno."

Mama Ndete akamweleza. Awuor naye akachutama pale pale kando ya shuka chafu akalia, si kwa sababu ya shamba peke yake. Alilia wiki zote zile, miguu yake, simu za uongo kwa wazazi, na ule ujinga wa kukata maneno ya mtu kwa ajili ya wingu. Mama Ndete alimwacha alie. Kisha akaokota shuka na kulirudisha kwenye maji.

Jioni Awuor alimpigia Zedekiah. Hakutaka kwenda kwa kumnyemelea mgongoni. Akamwambia anakwenda kusema ukweli.

"Ukienda Ziwani," Zedekiah akasema, "Jumatatu usije. Na kitabu kitabaki hivyo kilivyo."

"Sawa, bosi."

"Ulikuwa unafanya kazi vizuri," Zedekiah akasema, na akakata.

Ukoo ulikutana kwenye ukumbi wa kanisa, Ziwani, baada ya ibada ya pili. Watu kama arubaini, viti vya plastiki, chai kwenye thamosi, mandazi kwenye ndoo iliyofunikwa. Mbele walikuwa wameweka televisheni kubwa ya kanisa juu ya meza, wameitoa kitambaa chake, tayari. Kanyiva alikaa safu ya kwanza na binti yake Kathini. Kiema alikaa upande wa pili, amekunja mikono, kofia ya udereva magotini. Hakuonekana mwizi. Alionekana mtu aliyejirudia uongo hadi ukawa wa kweli, na wa aina hiyo ndio wagumu.

Mzee Muasya, mstaafu wa baraza la jiji, alimkaribisha Awuor kwa heshima kama fundi wa mitambo. "Msichana wangu, tuwekee," akasema, akionyesha televisheni.

"Mzee, sina cha kuweka," Awuor akasema. "Maneno ya baba Kiema niliyakata mimi. Upepo ulikuwa mwingi, na sikujua anasema nini, na sikuuliza. Kisha nikafuta kadi. Si virusi, si mashine. Ni mimi. Mama, naomba unisamehe."

Ukumbi ukaguna. Kanyiva alishusha uso, na mabega yake yakashuka pia, na Kathini akamshika mkono. Kiema akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, akaanza kuinuka.

"Basi mambo yameisha," akasema.

"Hayajaisha, baba," Awuor akasema. "Kabla ya kuyakata niliyasikiliza siku tatu. Ninayo hapa." Akagusa kichwa.

Watu wengine wakacheka. Kiema naye akacheka, bila ubaya. "Mtoto huyu ni Mjaluo. Kikamba chenyewe hakijui. Amefundishwa na mtu."

Mzee Muasya akamgeukia Awuor akamuuliza jambo kwa Kikamba, polepole. Awuor akamtazama tu. Akamuuliza jingine. Awuor akasema, "Samahani, mzee, sielewi." Baadaye aliambiwa kwamba swali la kwanza lilikuwa jina lake, na la pili lilikuwa kama angependa chai.

"Kweli hajui," Muasya akawaambia watu. "Haya, binti. Sema ulichosikia."

Awuor akaipa televisheni mgongo, akafumba macho, akarudi studio, vidude masikioni, akala zikigonga chini. Akaanza. Sauti yake ilikuwa ya msichana, lakini mwendo ulikuwa wa Kiema: pale anapoburuta neno, pale anapopumua. Kicheko kikafa safu kwa safu. Alipofika kwenye kikohozi akakohoa. Alipofika mahali mtoto alipolia akanyamaza kwa muda ule ule aliolia mtoto, akamsubiri anyamaze, kisha akaendelea. Karibu na mwisho kulikuwa na jina, Kiilu, akalitaja, na akalitaja tena, na mara ya pili likakatikia kooni, kama lilivyokatika siku ile. Halafu yale maneno ya mwisho. Akafumbua macho.

Kama hujui Kikamba, na Awuor alikijua kwa hayo tu, Kiema alikuwa amesema hivi kaburini: "Watu wangu, ninyi ni mashahidi. Shamba la mtoni ni la Kanyiva na watoto wake. Mimi sina changu mle. Kiilu, lala. Kiilu. Na mimi nikisahau, nikumbusheni."

Hakuna aliyegusa chai yake. Wazee wawili wa nyuma walikuwa wanatazama sakafu, na nadhani ni wale waliokuwa wamesikia upepo. Kiilu lilikuwa jina la utotoni la Maingi. Mama yao alilitumia, na Kiema, basi. Hata Kanyiva hakuwahi kumwita mumewe hivyo. Hakuna mtu pale Nairobi ambaye angeweza kumfundisha.

Kiema alikuwa bado amesimama nusu, mkono kwenye kiti cha mbele. Akamgeukia Awuor.

"Hilo jina," akasema. "Nililitaja mara mbili?"

"Mara mbili, baba. Mara ya pili hukulimaliza."

Kiema akakaa. Akaichukua kofia yake magotini akaiweka usoni, na jitu lile likalia ndani ya kofia, mbele ya ukoo mzima, kwa mara ya kwanza tangu amzike ndugu yake. Kanyiva akainuka, akavuka katikati ya ukumbi, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yake. Hakumgusa. Alikaa tu.

"Nimekumbushwa," Kiema akasema kutoka ndani ya kofia. "Andikeni."

Karani wa ukoo akafungua daftari lake kubwa, akajaribu kalamu pembeni mwa karatasi, akamgeukia Awuor. Kitabu cha buluu kilikuwa ndani ya mkoba wake, wiki tano tupu, na Jumanne ilikuwa inakuja. Miguu ilimuuma. Likizo nzima ile hakuna aliyewahi kumwomba arudie kitu alichosema.

"Anza tena, binti yetu," karani akasema. "Polepole, nisiache neno."

Awuor akafumba macho, akaanza tena.